Ngano ni Mwiko

Nyumba ya Mjalidi Vitabu,
Nyuma ya Posta,
S.L.P. 47.

Jumapili, tarehe 14, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi, tena nyingi kuliko za siku zote. Hujambo? Kifua kimepona? Baridi ya huko bado inakuuma masikio? Lile koti nililokushonea linakukaa vizuri, au umekonda hadi linakupwaya? Jibu kila swali, usirukeruke kama kawaida yako. Mimi nilitaka kuanza na habari yenyewe moja kwa moja, lakini Mama amekaa ubavuni kwangu anachambua mchele, na kila nikiinua kalamu ananiuliza, "Umemsalimu kwanza? Umemuuliza afya?" Nimekusalimu. Nimekuuliza. Sisi huku sote hatujambo, na safari hii nikisema hatujambo, ni hatujambo ya kweli.

Basi shika ukuta. Chiriku wako amepona!

Sisemi "anaendelea vizuri." Sisemi "afadhali ya juzi." Nasema amepona, anakimbia, anagombana, anaimba bafuni mpaka majirani wamezijua nyimbo zote za darasa lake. Ugonjwa wenyewe ataishi nao, hilo tuliambiwa tangu mwanzo, lakini mtoto amerudi. Alhamisi alipanda mizani ya kliniki, ikasoma kilo kumi na saba kamili. Kumi na saba, mdogo wangu! Nilimwomba muuguzi ampime tena, nikidhani amepanda na viatu. Hakuwa na viatu. Nilimkumbatia yule muuguzi hadi kofia yake ikaanguka, na hata jina lake silijui.

Najua unasoma haya umekunja uso. Siku hiyo hiyo nilikutumia ujumbe kwamba mtoto amepona, usifunge sanduku, barua inakuja. Ukanijibu neno moja tu: "Unanificha." Nililisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya dawa. Liliniuma, kwa sababu ulikuwa na haki ya kuliandika.

Kwa hiyo leo nakuandikia yote, mazuri na mabaya, bila kukata wala kupinda. Uliniambia "hajambo" zangu za simu huziamini tena, na kwamba mwezi huu ukiisha na mtoto yuko vile vile, unaacha mafunzo, unarudi kumchukua, na hizo lifti zitengenezwe na wengine. Imebaki miezi minne upate cheti. Minne tu! Nakuomba usirudi. Lakini nakujua, hutabaki kwa kuombwa. Utabaki ukiniamini, na kuaminiwa ndiko nilikokuharibu mwenyewe.

Nianze na hayo mabaya. Mara tatu umepiga simu nikakwambia mtoto hajambo, na mara zote tatu nilikudanganya. Unakumbuka siku uliposikia maji yanamwagika ukauliza nafanya nini, nikasema nafua? Sikuwa nafua. Nilikuwa namwosha, ametapika kuanzia sebuleni hadi mlangoni, na simu nimeibana kwa bega. Unakumbuka ulipotaka kuongea naye nikasema amelala? Alikuwa macho, amejikunja kwenye kochi, ameshika tumbo, hataki kuongea na mtu. Huyu tuliyempa jina la Chiriku kwa sababu hafungi mdomo, hataki kuongea!

Nilikuficha kwa sababu niliogopa. Niliogopa utaacha mafunzo, ndiyo. Lakini zaidi ya hapo niliogopa utasema, "Nimemwachia dada mtoto mmoja tu, na yeye kushona anajua, kulisha hajui." Basi hilo ndilo lililokuwa rohoni. Naomba radhi, mdogo wangu. Sina cha kujitetea.

Sasa njoo kwenye chakula. Tangu daktari aseme ni ugonjwa wa siliaki, kwamba utumbo wake unaumizwa na gluteni iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, na kwamba maziwa nayo yakae pembeni mpaka utumbo utulie, nyumba hii iligeuka ofisi ya upelelezi. Mkate, keki, biskuti, tambi, hivyo ni rahisi, unaviona kwa macho. Kazi iko kwenye vile vinavyojificha. Mimi mtu mzima nilikuwa nadhani soseji ni nyama. Kumbe hii tuliyokuwa tunanunua ni nyama, na unga wa ngano, na unga wa maziwa, vyote vimevalishwa ngozi moja! Sosi ya soya, ngano. Vile vidonge vya kutia ladha kwenye mchuzi, ngano. Kuna chipsi za pakiti zimeandikwa ni za nyanya, ndani zina unga wa maziwa. Sijui nyanya na maziwa walikutana wapi. Na majarini niliyoinunua kwa kujisifu kwamba mimi mjanja, sinunui siagi, nilikuja kuisoma kwa miwani ya Mama nikakuta protini ya maziwa, mstari wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kuliko mshono wangu wa mkono.

Hata muuza viungo nilimkalia kooni. Nilimuuliza bizari yake ni bizari tupu? Akaapa ni tupu. Nikamwambia nina mtoto mgonjwa. Akakuna kichwa, akatazama pembeni.

"Kama kuna mgonjwa, dada, chukua hii nzima ukasage mwenyewe. Ile ya kupima huwa tunatia unga kidogo isishikane."

Kidogo! Nilimpa maneno mpaka wateja wengine wakarudisha pakiti zao.

Na Mama je? Usicheke kwa sauti, yuko hapa. Mama alikuwa anampa kwa siri kikombe cha kinywaji cha unga, kile chenye picha ya mtoto mwenye misuli, eti apate nguvu. Kimea cha shayiri na maziwa, maadui wote wawili ndani ya kikombe kimoja! Nilipomsomea kopo alikaa chini. Tangu hapo akageuka mkali kuliko daktari. Akapiga marufuku maziwa ya nazi, kwa kuwa ni maziwa. Akapiga marufuku siagi ya karanga, kwa kuwa ni siagi. Nikamwambia, "Mama, nazi haina ziwa!" Akanijibu, "Mbona inaitwa maziwa? Wewe unajua kuliko walioipa jina?" Chiriku akakaa mwezi mzima bila siagi ya karanga, kitu pekee alichokuwa anakila kwa hiari, mpaka mtaalamu wa lishe alipomweleza Mama kwa upole kwamba hayo ni majina tu. Majina yametuchezea sana mwaka huu, subiri usikie.

Mimi nilishika upande wa mkate. Unga wa mchele, unga wa mhogo, yai, mafuta, na moyo. Mkate wa kwanza ulipotoka, shemeji yako aliugonga kwa kidole, akauomba aende akaukandamizie vitabu. Nilimnunia siku mbili. Wa pili ulimeguka wenyewe kabla haujaguswa. Wa tano ulilika. Sasa hivi nikikupa bila kukwambia utadhani ni wa dukani, na sitii chumvi.

Kufika mwezi wa nne tulikuwa tumemaliza. Kila kopo limesomwa, kila sufuria limesuguliwa hadi linang'aa, mtoto hali nje, hali kwa jirani, anabeba chakula chake shuleni. Unga wa ngano wote umetoka jikoni. Uliobaki, nusu mfuko, ulihamia chumba cha kazi cha shemeji yako, maana yeye hawezi kujalidi kitabu bila gundi yake ya unga. Unaijua kazi yake: kila asubuhi anapika unga na maji mpaka unakuwa laini, ndiyo anayobandikia majalada ya vitabu vya ofisi na yale makaratasi ya wanafunzi wa chuo. Ana sufuria lake jeusi, ameliandika GUNDI kwa rangi nyekundu, na hakuna mtu nyumba hii anayeweza kulipikia chakula. Kwa hiyo tulitangaza kwamba jiko letu ni safi.

Na mtoto akaendelea kuumwa. Kilo kumi na tano na nusu mwezi wa pili. Mwezi wa tatu, hiyo hiyo. Mwezi wa nne, hiyo hiyo. Mtoto wa miaka sita! Nguo nilizomshonea sikukuu iliyopita nilikuwa nazipunguza kiuno badala ya kuzifungua. Hilo ndilo lililonitoa machozi, mdogo wangu, siku ile nimeketi kwenye cherehani napunguza sketi ya mtoto.

Siku ya kliniki ya mwezi wa nne mtaalamu wa lishe alifikiri tunamdanganya. Ni mama mmoja mwenye sauti kubwa, akisema "karibu" wagonjwa wa chumba cha pili wanaitikia. Alifunga faili, akatutazama mimi na Mama, akapiga meza kwa kiganja.

"Jamani, nisikilizeni. Kwa mtoto huyu, ngano ni mwiko. Mwiko kabisa! Mmenielewa?"

Tukasema tumeelewa. Chiriku naye, aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki anachezesha miguu, akasema ameelewa. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kesho yake alasiri Mama akamwita akae karibu amsimulie ngano, kama kawaida yao. Kuna moja ya chura aliyekwenda kuposa kwa ndege, wanaipenda wote wawili. Mara mtoto akaziba masikio, akakimbilia chumbani, akaingia uvunguni mwa kitanda! Mama akamfuata, "Mjukuu wangu, nimekukosea nini?" Sauti ikatoka uvunguni: "Sitaki, Bibi! Ngano ni mwiko!"

Nilicheka hadi nikajichoma sindano. Lakini Mama hakucheka, kwa sababu siku mbili nzima alikosa msikilizaji, na unamjua, bila msikilizaji anaumwa kichwa. Siku ya tatu akamkamata, akamweleza taratibu kwamba ziko ngano mbili. Iko ngano ya kusimuliwa, ambayo haimdhuru mtu zaidi ya kumchelewesha kazi. Na iko ngano ya kuliwa, hiyo ndiyo mwiko.

"Kwa hiyo ngano ya kuliwa ndiyo mwiko?" akauliza.

"Ndiyo hiyo, mjukuu wangu. Umepata."

Akatikisa kichwa kama mtu mzima aliyemaliza kikao, akaenda zake. Na siku hiyo hiyo mwiko wetu wa mbao ukapotea jikoni.

Unaukumbuka, ule mrefu, uliokuwepo tangu wewe unatambaa. Tuliutafuta kila mahali. Mama alimshuku jirani, nikamsihi asimuulize. Ikabidi apikie kijiko kirefu cha chuma, huku analalamika kwamba kinakwangua sufuria. Shemeji yako naye akalalamika, maana ubao wake wa kukorogea gundi ulivunjika mwaka jana, na tangu hapo kila asubuhi alikuwa anaazima mwiko wa jikoni. Akatafuta kipande cha mbao, akaendelea na kazi.

Hapo nisimame kidogo, maana hata kuandika naona haya. Alikuwa anauazima mbele ya macho yangu. Anakorogea gundi, anausuuza bombani, anaurudisha kwenye msumari wake. Mimi niliyesoma makopo yote ya mji huu, niliyegombana na muuza bizari hadharani, nilikuwa namwona kila siku ya Mungu na sikuona kitu. Gundi si chakula. Tulikuwa tunatafuta kwenye chakula.

Basi mwiko umepotea. Siku ya nne mtoto akashinda bila kushika tumbo. Siku ya sita akamaliza sahani. Siku ya tisa nikasikia kelele uani, kutazama, anamfokea mtoto wa jirani kwamba mpira ni wake, sauti ile ile ya zamani! Sote tukaanza kudai sifa. Mimi nikasema ni mkate wangu wa tano. Mama akasema ni dua zake. Shemeji yako akasema ni ile dawa ya minyoo aliyoinunua yeye. Tulibishana vizuri sana, tukiwa na furaha. Baada ya wiki mbili na kidogo tukampeleka kliniki: kilo kumi na sita na gramu mia mbili. Nilitaka kukupigia saa ile ile. Nikajizuia. Nilijiambia, neno "hajambo" sitalitamka tena kabla sijawa na uhakika. Fikiria, mimi, kunyamaza!

Afadhali nilinyamaza. Jumamosi ya wiki ile ile shemeji yako alihamisha rundo la majalada ya zamani afagie chini, akaukuta mwiko, umevalishwa soksi ya shule. Mama alishangilia kama amepata ndugu aliyepotea. Akausuuza, akapikia mchuzi siku hiyo hiyo. Jumatatu asubuhi shemeji yako akaurudia kwa gundi yake. Jumanne mchana Chiriku amejikunja kwenye kochi, tumbo limejaa kama ngoma, midomo imepauka.

Niliketi sakafuni karibu naye. Nilikuwa nimekufa moyo kabisa. Nakwambia ukweli, nilikuwa nimeishika simu nikwambie uje umchukue mwanao, na namba yako ilikuwa tayari kwenye kioo. Nikamuuliza tu, bila kutegemea jibu, "Mwanangu, umekula nini?"

Akageuka akaniangalia kwa hasira, macho yamejaa machozi.

"Si niliwaambia, Mama Mkubwa? Ngano ni mwiko! Mimi nikauficha, nyinyi mkautoa!"

Mdogo wangu, sikumbuki niliiweka wapi ile simu. Nilikwenda jikoni, nikautoa ule mwiko kwenye msumari, nikaupeleka dirishani penye mwanga. Una ufa, kuanzia kichwani hadi katikati ya mpini, ufa tuliouzoea miaka yote. Nikachukua sindano ya kushonea magodoro, nikachokoa. Kikatoka kitu cheupe, kigumu, kinachomeguka kama chaki. Nikachokoa tena, kikatoka kingine. Gundi! Gundi ya miezi na miezi, tabaka juu ya tabaka. Nikamwita Mama. Nikamwita shemeji yako. Tulisimama pale watatu tunautazama mwiko, na kila mmoja anapiga hesabu yake kimoyomoyo: kila wali, kila mchuzi, kila uji wa mchele tuliompikia mtoto kwa uangalifu wote ule, tulikuwa tunaukoroga kwa ngano. Mtoto wa miaka sita alielewa vibaya, na kwa kuelewa vibaya akapatia kuliko sisi sote.

Shemeji yako alibadilika rangi. Alitoka akaenda kukaa kwenye ukingo wa kochi, akamwambia mtoto, "Baba Mkubwa ndiye aliyekuwa anakuumiza. Sikujua. Nisamehe." Chiriku akafikiri kidogo, akasema amemsamehe, lakini asiguse tena vitu vya jikoni. Yule mtu mzima alilia mchana kweupe, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua vitabu vyake. Kabla jua halijazama alikuwa amenunua jiko dogo akaliweka chumba chake cha kazi. Siku hizi haingii jikoni kabla hajabadili shati na kunawa hadi viwikoni. Anapiga hodi kwenye jiko la nyumba yake mwenyewe! Na mimi namwacha apige.

Mwiko wenyewe tuliuchoma. Mama alisimama pale mpaka ukaisha, na sikumtania. Tumenunua mingine mipya, na kila kitu cha mbao kilichokuwa jikoni kimetoka, ubao wa kukatia, kinu kidogo, vyote.

Nilimpelekea habari yule mtaalamu wa lishe. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka, akavuta daftari lake. Ameniambia kuanzia sasa hataishia kumuuliza mzazi mnakula nini. Atauliza pia ndani ya nyumba mnafanya kazi gani, na kwa vyombo gani. Akasema labda na yeye aache kusema "mwiko" mbele ya watoto. Nikamwambia tafadhali asiache.

Wiki tatu zimepita tangu siku ile. Hajatapika hata mara moja. Amekosa shule siku moja tu, na hiyo ni kwa sababu ya mafua ya kawaida, mafua ya watoto wote, niliyafurahia karibu nimpikie keki. Maziwa bado hatumpi, tumeambiwa tungoje miezi mitatu ndipo tujaribu kidogo kidogo chini ya macho yao. Sikufichi, bado kuna siku naogopa. Kila mtoto akisherehekea siku ya kuzaliwa darasani roho yangu inakuwa mkononi. Lakini mwanao mwenyewe amekuwa mpelelezi kuliko mimi. Juzi alimuuliza mwalimu wake, darasa zima likisikia, gundi ya hapa shuleni imetengenezwa na nini. Mwalimu hakujua. Chiriku akamwambia akatafute jibu, atamuuliza tena kesho!

Na usiniamini mimi peke yangu. Ndani ya bahasha hii nimeweka kadi yake ya kliniki, nimeitoa nakala pale posta, ina mihuri na tarehe zote. Zimo za mwezi wa pili na wa tatu na wa nne nilizokuficha, ndizo utakazoziona kwanza. Tazama mstari wa kilo unavyolala chini muda wote ule, halafu tazama ulivyoinuka. Nimeweka na nambari ya simu ya yule mtaalamu, amekubali umpigie. Weka simu mbali kidogo na sikio.

Nimefika hapa, Chiriku ameingia kutoka uani, magoti yana vumbi, nywele zimefumuka upande mmoja. Nimemwambia, "Naandika barua kwa mama yako, nimwandikie nini?" Nilitegemea wimbo, au ile orodha yake ndefu ya vitu vya kununuliwa. Amesema, "Mwambie nina njaa," akapitiliza jikoni.

Mama ameacha mchele wake akaenda nyuma yake. Mimi nimebaki nimeinua kalamu, naona herufi zinacheza. Mwaka mzima, mdogo wangu, tulimbembeleza, tulimwimbia, tulimkimbiza na kijiko nyumba nzima, na hata siku moja mtoto huyu hakulisema neno hilo. Leo amelisema bila hata kusimama, kama mtoto yeyote wa mtu yeyote. Nimeliandika kama lilivyotoka. Maliza mafunzo yako.

Shemeji yako anakusalimu sana, anasema cheti chako atakijalidi mwenyewe, kwa gundi ya kutengenezwa nje ya nyumba. Mjomba na wanawe wanakusalimu. Jirani anakusalimu, hajui kwamba alishukiwa, na usimwandikie. Mama anakuombea Mungu akushike kila unapopanda na kila unaposhuka kwenye hizo kamba za lifti, akulinde na baridi, akurudishe kwetu mzima na mshindi. Nami naitikia amina kwa niaba ya nyumba nzima, maana wengine wote wako jikoni wanakula.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyekuficha tena,

Mama Mkubwa wa Chiriku.